Bido Ilirudi na Jina ya Mutoto

Bukavu, siku ya yenga, kisha kutoka kanisa

Maman yangu mupenzi,

Nakusalimia kwa jina ya Bwana, nasalimia na Papa. Mulilala vizuri? Goti ya Papa iko namna gani na hii mvua? Ile shamba ya muhogo karibu na muto, maji haikuibeba? Na weye, kifua? Nakujua, unaendelea kupika mu moshi na mulango imefungwa. Siye hapa tuko. Ester aliangusha jino ya mbele na anazunguka mu parsele yote ya majirani kuonyesha watu shimo. Mudogo wake anaanza kucheka. Ana miezi mbili na nusu, mashavu imejaa, macho ni yako kabisa. Lakini hana jina, Maman. Juu ya ile jina njo niko naandika na hasira, na unisamehe kama kalamu imetoboa karatasi fasi fulani.

Faida mudogo wangu, weye mwenye utawasomea, soma polepole na usiruke fasi, ata kama Papa anakohoa. Maman, barua ni yako, lakini najua Papa atakuwa pale kwa kiti yake, anaangalia inje namna ya mutu mwenye hasikie. Asikie tu.

Kaka Bahati alifika hapa juma ilipita. Hakuomba ata maji. Alisimama mu mulango, akasema: "Papa anasema ukusanye vitu vyako na watoto, urudi nyumbani. Hatuwezi kuachia binti yetu kwa mutu mwenye anatuita warozi, watu wa kuroga." Papa Ester, bwana yangu, alikuwa pale pale, anasugua mikono atoe simenti. Bahati hakumuangalia. Miaka saba ye ni mukwe yenu, na leo mutu anasema juu yake mbele yake, namna wanasemaka juu ya mbuzi mu soko.

"Kaka, ikala kwanza," nikamuambia.

"Sikukuya kuikala."

"Basi shika mutoto, umuone."

"Mutoto gani? Anaitwa nani?"

Anajua vizuri kama mutoto hana jina, na anajua nani aliondoka nayo! Papa Ester akamuambia, "Shemeji, karibu," akamusukumia kiti. Bahati akageuka, akashuka.

Sasa nitakueleza namna ilipita, juu naona Baba mudogo Zakari aliwapelekea nusu.

Wakati mutoto alizaliwa, mwenye alisema jina itoke kwa Papa si miye. Ni bwana yangu. Kwetu jina inatoka upande wa baba, munajua vile, na wanaume wengi hawawezi kuachia ile. Ye alisema: "Mama Ester, miye hapa sina baba, sina baba mudogo. Wengine walibaki Burundi, wengine wako chini ya udongo. Baba yangu hapa Congo ni baba yako. Tumutumie habari, atupe jina." Aliomba namna mutu anaomba zawadi. Nilimuona siku zile zote anangojea, akitoka kazi anauliza mbele ya kuvua viatu: "Watu wa kwenu Bunyakiri hawajafika?"

Na Baba mudogo akafika. Alikuya juu ya fuso, lori ya makala, na kuku mwenye weye Maman ulituma, na bido, mutungi ya plastiki, imejaa kasiksi, pombe ya ndizi za Papa. Ile bido ilivimba namna ya mwanamuke wa miezi tisa. Akatueleza namna kwa bariere tatu waaskari walitaka kuonja, na ye akakatala. "Niliwaambia: hii ni ya mukwe wetu, mukitaka kuinywa mupite kwanza kwa shingo yangu!" Tukacheka sana. Majirani waliingia, na mwenye nyumba yetu, Mama Sifa, ule mujane munene mwenye sauti, akaikala karibu na mulango asipitwe na neno. Nilikuwa na furaha, Maman. Nilisema mu roho: leo mutoto wangu ataitwa.

Baba mudogo akamimina mu kibuyu. Akatia mulija, akavuta, akameza mbele ya watu wote, namna inapashwa, ili kila mutu aone hakuna kitu kibaya ndani. Akapangusa mulija na kidole, akampa Papa Ester.

Papa Ester akasimama, akainama kabisa. "Baba mudogo, asante sana. Miye sikunywake."

"Onja tu."

"Asante, Baba mudogo. Niko na agano na Mungu."

"Nimeonja mbele yako. Umeniona?"

"Nimekuona."

"Basi unaogopa nini?"

Siku ya mahari hamukuona ile, juu muzee moja jirani yetu alisimama kwa fasi ya bwana-arusi na akakunywa kwa jina yake, na hakuna mwenye aliuliza. Sasa ilikuwa ye mwenyewe na kibuyu. Lakini Mama Sifa akasaidia: "Muachie, Papa Zakari! Hawa watu wa maombi, ata Fanta wanaiuliza kwanza kama imeokoka!" Nyumba yote ikacheka, na Baba mudogo akacheka, akampa kibuyu jirani. Ingepita, Maman. Ilikuwa imeisha kupita!

Nikaleta chakula. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na ule kuku yako. Papa Ester akasimama kuombea, akafunga macho, akatoa ile sauti ya kanisa: "Bwana, takasa hii chakula. Ondoa ndani yake kila sumu, kila karuho, kila kitu adui ameweka. Damu yako itulinde. Amina."

Ester peke yake njo alijibu amina.

Nikafungua macho, Baba mudogo alikuwa ameisha kusimama. "Karuho," akasema. Hakulalamika kwa nguvu, alisema polepole, na ile ikaniogopesha zaidi. "Karuho, sumu ya warozi, mu kuku ya muke wa kaka yangu." Akafunga bido yake, akatwaa kofia. "Nilitumwa hapa na jina. Nitairudishia mwenye alinituma." Nilimukimbilia mpaka ku barabara na mutoto mu mugongo. Akaniwekea mukono ku kichwa: "Weye hauna kosa, binti yangu. Lakini ule bwana yako aliisha kutuhukumu." Akapanda pikipiki, bido katikati yake na mwenye kuiendesha, wakaenda. Hakukula. Hakubeba mutoto ata mara moja.

Maman, naomba unisikilize. Ile maombi bwana yangu anaifanyaka juu ya kila kitu! Anaiomba juu ya sombe yangu, na miye ni muke yake mwenye naiponda mbele yake. Anaiomba juu ya maji ya robine, ile bomba ya mutaa, juu ya mukate. Siku niliumwa malaria aliiomba juu ya kidonge ya santre ya afya, na maman muuguzi wa santre akamuangalia mpaka nikasikia haya. Tuliisha kukula kwa pastere wake mwenyewe na akaiomba vile vile, kila sumu na kila karuho, na pastere akajibu amina kwa sauti! Ni maneno alifundishwa na wale walimuokota Uvira, wakati alivuka mupaka ya Burundi akiwa kijana bila mutu. Alishika ile maneno namna siye tulishika rozari. Ye mwenyewe haisikie tena. Nyie munaombaka Mungu awaopoe na maovu kila asubui mu kanisa yenu ya Katolika. Kuko jirani mwenye aliisha kusimama kwa benchi na kuuliza: uovu gani, ni miye?

Na haikuishia Bunyakiri. Majirani walisikia, na hapa kwetu Kadutu nyumba zinashikana, neno inapita mbele ya moshi. Mbele tulikuwa tunatumiana sahani, unajua vile. Miye napika maharagi, natuma kidogo kwa Mama Sifa, kesho sahani inarudi na mboga ya lenga-lenga. Kisha ile siku, hakuna sahani iliingia kwetu. Nilituma ya sambaza, samaki ndogo za ziwa, ikarudi tupu, imesafishwa sana. Ku robine wananiuliza: "Mama Ester, hii maji bwana yako aliisha kuifukuzia karuho, ao tuchote tu?" Na wanacheka. Moja mwenye sitamutaja akasema: "Murundi anakuya kutuita warozi mu muji yetu."

Murundi! Mwaka jana, wakati mulima ilianguka nyuma ya jikoni ya Mama Sifa, nani alipanga ile mawe? Alikuwa anatoka kazi kule Nguba, fasi anajenga ukuta ya watu wakubwa kando ya ziwa, anapanda hii mulima yote na miguu, na mbele ya kukula anaanza kubeba mawe ya mujane. Jumamosi tatu za posho, na ya ine akaweka simenti. Wakati ile hakuitwa Murundi. Aliitwa "Papa Ester yetu". Sasa kila mutu anaulizwa ametoka wapi, na ye hajuake kujibu na hasira. Anajibu na "Mungu akubariki", na ile inanikasirisha zaidi!

Unajua anaamukaka saa kumi na moja kuomba, na nyumba yetu ni chumba moja, kwa hiyo siye wote tunaamuka. Anaombea kila mutu na jina. Anasema: "Bwana, ukumbuke goti ya baba mukwe." Kila siku, Maman! Pastere hajui goti ya Papa, lakini Mungu anaijua sana, juu bwana yangu anaimukumbusha kila asubui. Na ni ule mutu munasema anawaona warozi. Alizidi kuiomba ata asubui ya kisha Bahati kutoka hapa. Nilikuwa nimefunika kichwa na kitenge, sikutaka kusikia, na nikasikia: goti.

Lakini sitakudanganya, nilimukasirikia na ye. Kisha Bahati kushuka nilimuambia: "Na weye! Haukuweza kugusa ile mulija na midomo tu, watu waone?"

Akaniangalia. "Nigusishe midomo namna ya Yuda?"

"Yuda alikuwa na damu ya mutu. Hii ilikuwa ndizi!"

"Mama Ester, unajua kibuyu ilifanya nini kwetu."

Najua. Ninyi hamujui, juu ye hapendi kusema. Baba yake alikuwa mutu muzuri, na kibuyu ikamukula, ikakula na shamba, na mama. Ye akaapa akiwa mudogo kama Ester. Ile agano haikuanza mu kanisa, kanisa iliikuta. Kwa hiyo ile nikaiacha.

Nikamuambia: "Lakini Baba mudogo hakuondoka juu ya kasiksi. Juu ya kasiksi alicheka. Aliondoka juu ya maombi."

"Maombi gani?"

"Yako! Ulisema karuho juu ya kuku mwenye mama yangu alituma."

Maman, hakujua. Uso wake ulibadirika mbele yangu. "Nilisema ile? Mbele yake?"

"Ulisema na sauti ya kanisa, na majirani wote wanasikia."

Akaikala juu ya ndoo. Mikono yake yenye inapasuka na simenti, akaiweka ku magoti, akaiangalia. Kisha akasema: "Kumbe mutu aliwakatalia waaskari juu yangu, na miye nikamuita murozi mu nyumba yangu." Na akalia. Miaka saba sijamuona kulia, ata siku walimuletea habari ya kifo ya mama yake. Hasira yangu juu yake ikaishia pale. Ile yenye ilibakia ni juu yenu, na juu ya ku robine.

Siku ine hakuombea chakula na sauti. Tulikuwa tunakula kimya, vijiko tu. Ester akauliza: "Papa, Mungu alisafiri?" Akacheka kidogo, akasema: "Hapana mutoto wangu. Ni Papa mwenye anarudi ku masomo."

Basi jana jioni, Mama Sifa akaingia na sahani imefunikwa. Hakubisha. Akaiweka katikati ya meza, akaikala bila kuambiwa, na mikono mu kifua. "Ni sambaza," akasema. "Nimekaanga miye mwenyewe. Ombea sasa, Papa Ester, nisikie."

Papa Ester akasimama. Akafunga macho, akafungua tena, akafunga. Akasema: "Bwana, asante juu ya mikono yenye ilikaanga hizi samaki. Mikono ile usiipe maumivu. Amina." Ni vile tu. Akatwaa sambaza ya kwanza mbele ya mutu yeyote, akaikula na kichwa na mukia.

Mama Sifa akamuangalia mpaka akameza. Kisha akasema: "Ile ya leo ni fupi. Ile ingine ilikuwa inapoza chakula." Akacheka mpaka kiti ikalia, na ye mwenyewe akakula karibu nusu ya sahani yake. Akiwa mu mulango akageuka: "Mama Ester, kesho unitumie maharagi." Leo asubui nimeweka maharagi ku moto mbele ya kwenda kanisa.

Sasa Maman, uniruhusu. Nageuka kwa Papa.

Papa, nawaheshimu, na munajua sijawahi kuwajibu. Lakini sitakusanya vitu. Hakuna mutu alinipiga. Hakuna mutu aliniacha na njaa wala aliniletea muke mwengine. Muliniita nirudi bila kuuliza miye, binti yenu, niko namna gani. Mulimusikia Zakari, mukamutuma Bahati, na Bahati hakuuliza ata swali moja. Kama ningekuwa nalia hapa, mungefika na haraka vile? Ile iliniuma kupita robine.

Tutakuya, lakini si namna muliomba. Watu wa fuso wanasema njia inapitika siku mbili kwa juma, na bwana yangu aliomba ruhusa kwa mukubwa wake wa kazi. Tutakuya wane: ye mbele, Ester kwa mukono yake, miye nyuma na mutoto mu mugongo. Na kisha tutarudi kwetu hapa, wane vile vile.

Na ye anawaomba neno moja. Alinipa niiandike namna alisema, na nimeisoma mbele yake mara mbili. Kasiksi hataweza kunywa, wala leo wala siku ingine, na si juu yenu. Lakini anaomba mumukamulie mutobe, maji tamu ya ndizi zile zile za kasiksi, siku ile ile, mbele haijachacha. Mutie mu kibuyu ile ile na mulija ile ile. Baba mudogo awe pale, Bahati awe pale, na jirani mwenye anataka kuona aingie. Na Papa, musionje. Hapo njo aliniambia nikaze kalamu. Musionje mbele yake, mutu yeyote asionje. Mumupe tu. Atakunywa ye wa kwanza, mpaka chini, bila kuombea. Ataomba kisha kumaliza, na itakuwa ya asante tu.

Nilimuuliza: "Na kama goti inamuuma Papa na hataki kukukamulia?" Akasema: "Basi nitakamua miye, lakini ye anipe na mukono yake."

Papa, ni nini ingine mutu anaweza kuwapa?

Musalimie Baba mudogo Zakari, mumuambie mutoto anamungojea amubebe, na ile safari ya bido tuliharibu, ni siye tutailipa na mudomo ya asante. Musalimie Koko yetu, ule muzee mwenye hasikie vizuri, Faida amusomee hapa kwa nguvu: KOKO, NAKUPENDA! Musalimie shangazi wa ngambo ya muto, na muke wa Bahati, ni mutu muzuri, amusemeshe bwana yake. Bahati na ye mumusalimie. Kiti yenye alikatala iko pale pale. Weye Maman, fungua mulango ukiwa unapika.

Ku santre wanapima mutoto kila mwezi. Kwa karatasi ya fishi yake, fasi ya jina, waliandika "Bebe" na krayo, juu niliwaomba wasitie wino. Maman wa santre akaniambia: "Mama Ester, mwezi ujao nitaandika tu kitu." Nimemuambia angojee, jina inatoka kwa babu yake. Papa, musinifanye muongo.

Binti yenu mwenye anawapenda na hasira yote,

Mapendo,
Mama Ester, na mama ya ule wa krayo